Namba ya Dada

Machi 3

Mvua ya kwanza imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimenunua daftari hili. Lile la maabara lina safu zake: tarehe, namba ya sampuli, kipimo, sahihi. Halitaki maoni. Mimi nina maoni mengi, na yakikaa kifuani muda mrefu hunipa kiungulia.

Basi nianze kwa kujisifu, maana hapa hakuna wa kunizuia. Mwanamke akishaondolewa uvimbe wa saratani kwenye titi, swali linalomnyima usingizi ni moja: je, imeondoka yote, au imeshatuma mbegu zake kwenye mifupa, mapafu na ini? Daktari hukisia. Sisi tunapima protini sita kwenye maji ya damu yake, tunazichanganya kwa hesabu, tunapata namba kati ya sifuri na mia. Ikizidi hamsini, hatari ya kusambaa ni kubwa. Tulipima damu za zamani mia moja na sitini, za wanawake ambao mwisho wao unajulikana, na namba yetu ikapatia tisa kati ya kumi. Tisa! Kati ya zile sita kuna protini moja inayowabeba wenzake mgongoni. Nimeipa jina Kinara. Niliyeigundua ni mimi, kwa mikono hii, na Profesa hulisema hilo mbele za watu, jambo ambalo maprofesa wengi hulisahau.

Sasa tunapima wagonjwa wapya kutoka kliniki ya ng'ambo ya bonde. Muuguzi wa kule anatoa damu, mtu wa pikipiki anazileta ndani ya kisanduku, mimi nazizungusha kwenye mashine ili chembe zijitenge na maji, kisha napima. Baada ya miaka mitano watu watajua tulipatia wangapi. Mimi najua tayari.

Machi 5

Mvua. Sampuli saba. Kisanduku kilifika saa nane badala ya saa tano, daraja lilikuwa limefunikwa na maji. Matope ya pikipiki nimeyapiga deki mwenyewe.

Machi 7

Tuna mtu ofisini anaitwa Bwana Subiri. Jina nimempa mimi, ofisi nzima imelipokea, na nadhani hata mwenyewe analijua. Ni mtakwimu wetu. Ukimpa jambo lolote, hata habari ya kwamba chai iko tayari, atasema "subiri kwanza" na kulitazama kwa pembe zote nne. Chai yake huinywa baridi.

Leo kaniletea ombi: niandike saa damu ilipotolewa na saa ilipozungushwa, kwa kila sampuli.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Bado sijui."

"Sasa kitu usichokijua unakiandikia safu?"

"Mwenzangu, kuuliza si ujinga."

Nikamwambia ujinga ni kumwongezea kazi mtu aliye na kazi. Lakini nimeziandika, kwa mwandiko mbaya makusudi.

Machi 12

Naona nimezungumza habari za wanawake wa watu, ya nyumbani nimeikwepa.

Dada yangu alifanyiwa upasuaji Februari 8. Uvimbe wenyewe ulikuwa kama punje ya hindi. Ananizidi miaka tisa, ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na mpaka leo naishi kwake, chumba cha nyuma, yeye na shemeji mbele. Ni mshonaji. Sebule yote ni cherehani, mapazia ya watu na sare za shule. Daktari amemwambia kisu kimefanya kazi nzuri, lakini uvimbe wake ni wa aina isiyotabirika, kwa hiyo anashauri dawa za dripu, mizunguko sita, zianze kabla ya Mei 8. Zikichelewa zaidi ya hapo, faida inapungua.

Dada haogopi kunyonyoka nywele. Anaogopa ganzi. Mwanamke mmoja kliniki alimwambia dawa zile zilimuua vidole, sasa hata kitufe hafungi. Tangu siku hiyo Dada anatunga uzi kwenye sindano mara kumi kwa siku, anautoa, anautunga tena, anajipima.

Jioni hii kaniambia, bila kuinua macho kwenye cherehani, "Wewe si ndiye mwenye mashine? Nipime basi."

Machi 14

Nimempima.

Nijieleze vizuri, maana kanuni nazijua kuliko walioziandika. Hatupimi ndugu. Hatumpi mgonjwa yeyote namba yake, kwa sababu utafiti haujakamilika. Nilizisaini kanuni hizo mwenyewe. Lakini Dada alikuja na mwavuli wake mchana, wenzangu wako chakulani, akakaa kwenye kiti changu cha kuzunguka, akazunguka mara mbili kama mtoto, akanyoosha mkono. Nilimchoma saa sita na dakika tano. Saa sita na robo mrija ulikuwa unazunguka kwenye mashine. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile. Damu yake ilitulia, maji ya manjano hafifu juu, chembe chini, mpaka wake umenyooka.

Namba yake ni kumi na nane.

Niliirudia. Kumi na saba. Nilijikuta nimekaa sakafuni kando ya friza, nacheka peke yangu. Nikatembea nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

"Kumi na nane ni nyingi au kidogo?" Dada aliuliza.

"Mstari uko hamsini. Wengine nawaona wana themanini."

Shemeji, ambaye ni fundi wa majokofu na hajawahi kuniacha nipite bila kunitania, alisimama akanipigia saluti. "Shemeji, leo nimekubali. Nilidhani kazi yako ni kugandisha damu za watu tu."

Dada akauliza, "Kwa hiyo dripu za nini?"

Nilimjibu kwamba hilo ni lake na daktari wake. Lakini nilimjibu nikiwa nimechangamka usoni, na anaujua uso wangu tangu nikiwa na meno mawili.

Machi 17

Mvua. Sampuli sita, tano juu ya mstari. Masikini wanawake hawa.

Machi 19

Dada amekwenda kwa daktari, akakataa dripu. Amesaini karatasi. Daktari amemwambia mlango uko wazi mpaka Mei 8, akibadili nia arudi. Dada amerudi anaimba, kapokea kazi ya mapazia ya ukumbi mzima.

Machi 21

Jua siku tatu. Sampuli tisa, zote chini. Nimewahi kwenda nyumbani.

Machi 26

Mvua kubwa tangu alfajiri. Sampuli tano, nne juu. Mmoja ana umri wa miaka ishirini na sita, nimeona kwenye fomu. Themanini na moja. Niliiweka kalamu chini kidogo kabla ya kuandika.

Profesa amepata nafasi ya kuzungumza mbele ya madaktari wa saratani Aprili 24. Anataka waanze kuitumia namba yetu kuamua nani apewe dripu na nani aachwe. Kaniambia nitakaa safu ya mbele. Dada ananishonea gauni.

Aprili 2

Mvua. Sampuli nne. Zote juu.

Aprili 3

Bwana Subiri kaomba karatasi za saa nilizoziandika. Nimempa. Kasema mwandiko haukumsumbua.

Aprili 8

"Njoo uone kitu," Bwana Subiri aliniita. "Usikasirike kwanza."

"Ukimwambia mtu asikasirike, ushamkasirisha."

Alikuwa ametandaza karatasi kubwa mezani. Kila mgonjwa mpya ni nukta, nyekundu kwa walio juu ya mstari, nyeusi kwa walio chini. Chini ya nukta kachora vijiti vya buluu, kimoja kwa kila siku, vingine virefu, siku nyingine hakuna kitu. Nikamuuliza vijiti ni nini.

"Mvua. Nimeomba takwimu kituo cha hali ya hewa."

Nikatazama. Hata mtoto angeona. Palipo na kijiti kirefu, juu yake nukta zimeiva kama nyanya. Siku kavu, wekundu wawili kati ya ishirini na mmoja. Siku za mvua, kumi na tisa kati ya ishirini na sita.

"Mvua haileti saratani," nikasema.

"Ndiyo maana nimekuita."

"Labda wanaokuja siku za mvua ni wale waliozidiwa, wasioweza kuahirisha."

"Nililifikiria hilo. Subiri kwanza." Akaweka karatasi ya pili, ile yenye saa zangu za mwandiko mbaya. Damu iliyozungushwa ndani ya saa moja, namba ndogo. Damu iliyokwama darajani saa tatu, nne, namba kubwa. Hata mgonjwa wa siku ya jua, ambaye pikipiki yake ilipata pancha, alikuwa mwekundu.

"Mwenzangu," akasema polepole, "tunapima saratani au tunapima barabara?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mtu anayeogopa kuona damu asinifundishe damu. Nikaenda kunawa mikono mara mbili, mikono ambayo haikuwa na uchafu. Niliporudi bado amekaa palepale, hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

"Kesho," nikamwambia, "nitakuthibitishia."

Aprili 9

Nimejitoa damu mwenyewe, mkono wa kushoto, mirija mitano. Bwana Subiri alishika mpira wa kufungia mkono huku kageuzia uso ukutani. Miaka kumi na miwili katika maabara ya damu! Mrija wa kwanza niliuzungusha papo hapo. Mingine niliiacha mezani, nikauzungusha mmoja baada ya saa moja, mwingine baada ya saa mbili, tatu, nne. Damu moja, mtu mmoja, tena mtu mzima wa afya asiyeumwa hata jino. Majibu kesho.

Nina hakika namba zitafanana. Nimeandika hilo hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilishuku.

Aprili 10

Kumi na nne. Ishirini na mbili. Thelathini na tisa. Hamsini na nane. Sabini na tatu.

Hiyo ya mwisho ni mimi. Ningekuwa mgonjwa wa kliniki, ningejionea huruma na kuweka kalamu chini.

Protini tano zimetulia palepale katika mirija yote mitano. Anayepanda ni Kinara. Sasa naelewa kwa nini. Ndani ya damu kuna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kugandisha jeraha. Damu ikikaa kwenye mrija bila kuzungushwa, chembe zile hudhani kuna jeraha, zinaamka, zinamwaga mizigo yake. Na Kinara yumo ndani ya mizigo hiyo. Niliyemvika taji alikuwa saa ya ukutani.

Na zile tisa kati ya kumi? Nimefungua madaftari ya zamani leo. Wanawake ambao saratani yao ilisambaa wengi walitoka hospitali ya mbali, ambako watu hufika wamechelewa. Damu zao zilisafiri saa tano kabla ya kuzungushwa. Waliopona wengi walitoka hospitali iliyo mtaa wa pili. Tuliona tofauti kubwa, na ilikuwa tofauti ya safari.

Nilikuwa nimeshafika hapo, nimeshakubali, nimeshamwambia Bwana Subiri kwamba yuko sahihi, ndipo likanijia. Saa sita na dakika tano. Saa sita na robo.

Dakika kumi. Namba ya Dada ni ndogo kwa sababu nilikuwa mwepesi wa mikono. Ile kumi na nane inasema mdogo wake anampenda na mashine ilikuwa karibu. Haisemi kitu kingine chochote. Na kwa namba hiyo amesaini karatasi, na leo ni Aprili 10.

Bwana Subiri aliniona nimeshika ukingo wa meza. Nilimwambia yote. Nilingoja aseme "subiri kwanza". Akasema, "Nenda nyumbani ukamwambie."

Nilisema nianze na Profesa. Nilijidai ni utaratibu. Ilikuwa woga.

Aprili 11

Profesa alisikiliza bila kunikatiza, akasoma karatasi mbili za Subiri, akavua miwani. "Hili la Kinara ni kosa la kazi, na ni letu sote. Mimi nililishangilia kuliko wewe. Lakini la dada yako ni lako." Barua ya onyo nimeipata kabla ya chakula cha mchana. Sina la kulalamika, mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Nilifika nyumbani saa tisa. Dada alikuwa anashona pindo la pazia refu kuliko chumba. Nikakaa kwenye marobota ya vitambaa, nikamweleza kama ninavyoandika hapa: damu, saa, mvua, mirija yangu mitano. Hakusimamisha mguu. Cherehani ilienda mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, ndipo akanigeukia.

"Kwa hiyo namba yangu?"

"Haina maana, Dada. Si nzuri, si mbaya. Haina maana."

"Mbona ulinipa kama hukuwa na hakika?"

"Nilikuwa na hakika."

"Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mdogo wangu. Na mimi nikajiona nang'aa." Akaokota pazia, akaingia nalo chumbani, akafunga mlango. Nililia pale kwenye marobota. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Aprili 13

Dada hanisemeshi. Mvua.

Aprili 14

Mezani tulikuwa watatu. Dada akasema, "Mume wangu, mwambie huyo chumvi iko mbele yake." Shemeji akageuka: "Huyo, chumvi iko mbele yako." Nikasema ahsante. Shemeji akageuka upande wa pili: "Huyo anasema ahsante." Hakuna aliyecheka, na masikini alikuwa amejitahidi.

Aprili 16

Hanisemeshi. Zimebaki siku ishirini na mbili.

Aprili 17

Sikubali kukaa nikijihurumia wakati damu zinakuja. Nimechukua mashine yetu ya akiba ya kuzungushia, nikaifunga kwenye nailoni, nikavuka nayo bonde hadi kliniki. Muuguzi nilikuwa nimezungumza naye kwa simu tu mwaka mzima, hasa kumgombeza kwa maandishi ya vibandiko vya mirija. Ni mama mfupi, mkono wake laini, mgonjwa hashtuki akichomwa.

Alipoona mashine alishika kiuno. "Leo ndiyo mmeileta? Miaka miwili naiona damu imekaa hapa mezani inangoja pikipiki, najiuliza hawa wasomi wanajua wanalolifanya?"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wewe ukipiga simu unauliza vibandiko."

Nilimwomba radhi. Kisha tukaiweka mashine kwenye meza ya dirishani, nikamfundisha, na mara ya pili hakuhitaji kufundishwa. Kuanzia leo kila damu inazungushwa kulekule ndani ya nusu saa. Mvua na inyeshe itakavyo.

Aprili 22

Nimeongeza sharti jingine kwenye kanuni: majina yakae kwa Muuguzi na Bwana Subiri tu. Maabara tuone namba za mirija, basi. Profesa kauliza ni nani aliyenifanya niwe mkali namna hii. Nikamwambia ni mimi.

Dada bado.

Aprili 23

Leo asubuhi nilikuwa natoka, akaniita. Kwa jina langu, si "huyo".

"Kaa. Itoe ile namba yako kichwani. Itoe kabisa. Wewe kama wewe, titi likiwa lako, ungefanya nini?"

"Ningewekewa dripu."

"Kwa hakika gani?"

"Sina. Daktari anasema wanawake kumi wenye uvimbe kama wako, kwa watatu hivi unarudi. Dripu inapunguza hao. Wewe ni yupi kati ya kumi, yeye hajui, na mimi sijui."

"Na vidole?"

"Vinaweza kufa ganzi. Kwa wengi hupona, kwa wengine ganzi hubaki. Ukihisi mchomo hata mdogo useme siku hiyohiyo, wapunguze dozi au wabadili dawa. Usijikaze."

"Mimi na kujikaza!" akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tarehe kumi na moja nikaona meno yake. Kisha akasugua ncha za vidole kwa kidole gumba. "Nitakwenda. Na sikwendi kwa sababu yako, uelewe. Nakwenda kwa sababu nimehesabu, na ganzi naweza kuishi nayo."

Nikasema nimeelewa. Akasema pia nitakunja mapazia yote ya ukumbi yeye akiwa kitandani, na hilo si ombi.

Aprili 24

Nilidhani Profesa angeahirisha hotuba, au angezungukazunguka. Aliweka nukta za Bwana Subiri ukutani, nyekundu na buluu, akawaeleza madaktari mia na zaidi jinsi tulivyopima barabara kwa miaka miwili. Halafu mzee mmoja mwenye maabara yake akasimama kuuliza damu inaruhusiwa kukaa mezani dakika ngapi, na nikaona wenzake wengi wanaandika. Nilikaa safu ya mbele, na gauni langu la zamani.

Aprili 28

Dada ameomba kuingia kwenye utafiti. "Safari hii kwa mlango wa mbele," kasema. Ametolewa damu na Muuguzi kliniki kabla ya dripu kuanza. Profesa ameruhusu, maana maabara sasa haioni majina. Namba ya mrija wake sijui.

Aprili 29

Dripu ya kwanza. Saa nne nzima nimekaa kando yake. Shemeji alikagua jokofu la dawa la wodi, akawaambia wauguzi mpira wa mlango umechoka. Kabla ya Mei 8, kwa siku tisa.

Mei 3

Anatapika. Hataki kuonewa huruma, anataka pindo liwe sawa. Nimefumua pindo moja mara tatu.

Mei 9

Mvua inapungua. Nimekunja mapazia kumi na moja.

Mei 15

Bwana Subiri alikuwa ameficha akiba: damu tisini za zamani, zote za hospitali ya mtaa wa pili, zote zilizungushwa upesi, na mwisho wa kila mwanamke kaufungia kabatini kwake. Tulimtoa Kinara. Nilizipima kwa protini tano zilizobaki, nikamkabidhi namba, akaingia ofisini kwake kuzilinganisha. Alikaa humo muda mrefu mno. Mimi na Profesa tulisimama nje ya mlango tukijifanya tunazungumza habari za bajeti.

Alipotoka kikombe chake kilikuwa kinatoa mvuke. Sijawahi kumwona akinywa chai ya moto.

"Saba kati ya kumi," akasema.

Si tisa. Lakini saba za kweli, zinazosimama kwenye jua na kwenye mvua. Daktari peke yake hapati kiasi hicho. Nilimkumbatia mtakwimu wa watu, chai ikamwagikia shati lake, naye akasema, "Subiri kwanza." Tutapanda kutoka hapo. Kuna protini nyingine mbili nimeshaanza kuzitolea macho, na kabla ya kuzipenda nitaziacha mezani saa nne nione tabia zao. Najua tutafika.

Mei 20

Dripu ya pili. Ncha za vidole viwili zimeanza kumchoma. Amesema siku hiyohiyo, dozi imepunguzwa.

Mei 27

Wiki nzima bila tone. Leo nimepima mirija arobaini na mmoja ya kliniki, yote iliyozungushwa na Muuguzi tangu Aprili 17. Tisa iko juu ya mstari, thelathini na miwili chini. Mmoja kati ya arobaini na mmoja ni dada yangu. Nilipokuwa naitia kwenye mashine nilijikuta naishika yote kwa uangalifu uleule, kila mmoja, kwa sababu kila mmoja angeweza kuwa wake. Iliyo juu nilianza kuitazama namba zake, nikijaribu kubahatisha. Nikafunika karatasi, nikampelekea Bwana Subiri.

Jioni Dada alikuwa amekaa mlangoni, kilemba kichwani, anashona kwa mkono kwa sababu anasema mashine inamfanya mvivu.

"Muuguzi kaniambia leo mnapima za kwetu," akasema.

"Tumepima."

"Na mimi nina ngapi?"

"Sijui, Dada."

Akaweka sindano chini akanitazama uso mzima, kama anayetafuta kitu alichokificha mtoto. Nikamwacha atafute. Kisha akacheka, kicheko kirefu, mpaka kilemba kikalegea.

"Miaka arobaini na tatu," akasema, "leo ndiyo nimelisikia neno hilo kinywani mwako." Akasogea, akanipa nafasi kizingitini, akaniwekea upande mmoja wa pazia mapajani nimshikie.